Guka wa Njoro na mifupa ya miaka elfu tatu: nani mkweli?

Swali: Daktari habari. Mimi ni kijana wa Njoro. Guka yangu ako na miaka 84 na kila tukikunywa chai ananiambia ati watu wa kitambo hawakuwa wanaugua, walikula chakula asili, meno hayakuwa yanaoza na kansa haikuwepo. Mimi nabisha lakini sina ushahidi. Nimesikia kuna watu wanasoma mifupa ya watu wa zamani. Hiyo mifupa inasema nani mkweli, mimi ama guka? Na pia, mtu akichimba choo apate mifupa, afanye nini?

Jibu: Kijana wa Njoro, guka umsalimie sana. Nikujibu kwanza ndo nianze stori. Kwa meno guka ako na nusu ya ukweli, kwa kansa ameanguka, na kwa hilo la kutougua nyote wawili mko na shida moja: mfupa hauweki alama ya kila ugonjwa. Unaweka ya ule unaokaa na mtu miezi ama miaka, na ule unaoua haraka mara nyingi hauachi kitu. Shika hapo, manake watu wengi wakiona fuvu safi kwa makavazi wanasema huyu alikuwa na afya, na si lazima.

Halafu hao mnaowabishania ni majirani zenu. Pango la Mto Njoro liko huko kwenu, Louis na Mary Leakey, wale wachimbaji wa mabaki ya kale, walilichimba 1938 wakakuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa moto kama mazishi yao, miaka kama 3000 iliyopita, na kila mtu amewekewa bakuli lake la jiwe, jiwe la kusagia na mchi, na shanga za mawe ya rangi kibao. Hyrax Hill hapo Nakuru mjini Mary alikuwa ameanza mwaka uliotangulia, 1937, na huko kuna makaburi ya wafugaji wa zamani pamoja na mengine ya juzi juzi zaidi. Kwa hivyo si watu wa mbali, ni watu walichunga ng'ombe na mbuzi kwa hii hii Bonde la Ufa, wanakata nyama na vipande vya lile jiwe jeusi la volkano ambalo hata leo ukitembea pande za Naivasha utalikanyaga.

Wale wa Njoro kuchomwa kumetupa kazi kidogo, kwa sababu moto unamaliza DNA na ile protini ya ndani ya mfupa tunayoiita kolajeni. Lakini hata hapo kuna la kusoma: mfupa uliopata moto kidogo unakuwa kahawia na mweusi, ukizidi unaenda kijivu, ukipita nyuzi 700 hivi unakuwa mweupe pe, unapasuka na kupungua saizi. Unajua moto ulikuwa mkali kiasi gani, na vipande vikitosha unajua ni watu wangapi.

Mifupa ambayo haijachomwa tunaanza kwa kuuliza huyu ni nani. Mwanamke ama mwanaume, hiyo inatoka kwa nyonga. Nyuma ya mfupa wa nyonga kuna mkato mahali ile neva kubwa ya mguu inapita, kwa mwanamke ni mpana, ukiweka kidole gumba hapo kinacheza, kwa mwanaume kinabanwa. Fuvu nalo linasaidia lakini nyonga ndo bosi. Mtoto ambaye hajabalehe mifupa yake haisemi jinsia, lazima uende maabara. Umri wa mtoto ni rahisi, unaangalia meno, gego la kwanza la ukubwani linatoka karibu miaka 6, la pili karibu 12, la mwisho kuanzia 17 kwenda mbele, halafu mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani hadi begani, ncha yake ya upande wa kifua inamaliza kufunga mtu akielekea 30. Baada ya hapo tunakisia tu, na ukisikia mtu ameangalia mifupa ya mzee akasema huyu alikuwa na miaka 57, huyo anakupiga blanketi.

Sasa meno, manake hapo guka ndo amesimama. Ni kweli watu wa zamani wengi walikuwa na taya pana na meno yamejipanga vizuri, kwa sababu taya ya mtoto inakua kulingana na kazi inayopewa, na wao walitafuna vitu vigumu kutoka utotoni. Meno kukanyagana vile tunaona kwa watoto wa siku hizi ni kitu ya chakula laini. Pia bila sukari ya duka kuoza kulipungua mahali pengi. Lakini kuna fuvu lilipatikana Kabwe, Zambia, mwaka wa 1921, la binadamu wa aina ya zamani ambaye si kama sisi kabisa, aliishi karibu miaka 300,000 iliyopita, na meno yake kumi ya juu yameoza. Kumi! Hapo hakuna soda, hakuna mandazi, hakuna kiwanda cha sukari. Na kule Taforalt, Moroko, kuna wawindaji wa miaka kama 15,000 iliyopita, zaidi ya nusu ya meno ya watu wazima yana matundu, na walichokuwa wanakula sana ni njugu za mwitu zenye wanga mwingi. Chakula asili asilimia mia. Bakteria wa mdomoni hawaulizi wanga umetoka duka gani.

Halafu kuna ile ya kusagika. Ukisaga nafaka kwa jiwe, unga unaingia na mchanga wa jiwe, na mtu akila huo unga miaka 30 magego yanaisha hadi ile sehemu ya ndani ya kahawia inabaki wazi, akiwa na bahati jino linajijenga kwa ndani, asipokuwa nayo usaha unaingia kwenye mzizi na unatoboa taya. Nimeshika taya zenye tundu la usaha lililopita upande wa pili wa mfupa. Huyo mtu hakuwa analala usiku, na hakuna mahali angenunua hata panadol.

Na kwa sababu wewe ni wa Njoro hatuwezi kuongea meno tuache floraidi, yale madini ya kwa maji yanayotia meno madoa. Mtu wa Nakuru akitabasamu Nairobi anaulizwa kwani kwenu mnakunywa maji gani. Hayo madoa ya kahawia yanaingia jino likiwa bado linajitengeneza utotoni, kwa hivyo mtu mzima akihamia Nakuru meno yake hayabadiliki rangi, lakini mtoto aliyezaliwa hapo anabaki nayo hata akienda kuishi Mombasa. Shirika la Afya Duniani linasema maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya hii bonde vinapita hapo kwa mbali kwa sababu ya mawe ya volkano. Maji ya asili hayo, guka ayasikie. Ikizidi kwa miaka mingi inaingia kwa mifupa yenyewe, kano zinageuka mfupa, mgongo unakauka mtu hawezi kuinama. Floraidi inapenda mfupa hivyo, ndo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikichuja maji kwa kutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Na tabia hiyo hiyo ya mfupa kufyonza floraidi kutoka ardhini ndo ilisaidia kufichua ule uongo wa fuvu la Piltdown kule Uingereza 1953, walipopima wakakuta taya na fuvu si vya kitambo vile watu walikuwa wameambiwa.

Kitu kingine jino linabeba ni utoto. Chukua jino la mbwa la mtu mzima, yaani chonge, uliweke chini ya taa ikipiga kwa upande, utaona wakati mwingine mstari umezunguka jino kama pete, na ukipitisha ukucha unashika. Hiyo ni siku mwili ulisimamisha kutengeneza enameli, lile ganda gumu la nje la jino, kwa sababu kulikuwa na vita vingine: homa kali, njaa, kuachishwa kunyonya vibaya. Enameli hairekebishwi milele, na tunajua chonge linajengwa kutoka ncha kushuka chini kati ya miezi ya kwanza na miaka kama 5 hivi, kwa hivyo ukipima mstari uko umbali gani unaweza kusema huyu mtu akiwa na miaka karibu 3 aliugua ama alilala njaa akakaribia kuenda. Mara nyingine mistari ni mitatu minne, moja baada ya nyingine, na mwenye jino alifika utu uzima akazaa. Ukoga pia usiudharau, ule uchafu mgumu wa kwenye meno unafunga ndani yake wanga na protini za chakula, na ukoga wa mfugaji aliyezikwa Lukenya, hapo karibu na Athi River, zaidi ya miaka 3000 iliyopita, umepatikana na protini za maziwa.

Maziwa ni stori tamu. Mwaka wa 2019 kulitoka utafiti wa DNA ya watu 41 wa zamani wa Kenya na Tanzania, wengine ni wa hapa Nakuru, Hyrax Hill wako, pango la Egerton liko, na karibu wafugaji wote hawakuwa na lile badiliko la jeni linalomfanya mtu mzima aweze kumeng'enya maziwa freshi. Aliyepatikana nalo ni mmoja, wa Tanzania. Yaani watu walikunywa maziwa karne na karne na matumbo yanalalamika, ama waliyagandisha kwanza, mursik si jambo la jana. DNA hiyo pia ilionyesha hao wafugaji walichanganyika kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika na wawindaji waliokuwa hapa, na yule aliyezikwa Deloraine, pande za Rongai, miaka kama 1200 iliyopita, anafanana na watu wa asili ya Kibantu. Mnaobishana siasa za nani alikuja Bonde la Ufa kwanza, mtulie kidogo.

Kuna meno mengine yamekosekana kabisa na si ugonjwa. Wazee wa Kijaluo mnajua waling'oa meno sita ya mbele ya chini, Wakalenjin mawili. Kwa taya tunatofautisha hivi: jino likitoka mtu akiwa hai shimo lake linajaza mfupa polepole hadi panalainika, likianguka kaburini shimo linabaki wazi na kingo zake kali. Ukikuta mashimo ya chini mbele yamejifunga yote kwa mpangilio na mengine yako sawa, hiyo ni mila, si kuoza.

Ukienda kwa mifupa mingine ya mwili unakuta mengi. Paa la tundu la jicho, ule mfupa mwembamba wa juu, ukikutwa na vitundu vidogo vidogo tunafikiria upungufu wa damu wa muda mrefu utotoni, na kwa hizi pande zetu hiyo inaweza kuwa minyoo, chakula kibaya, malaria ya kurudi rudi, au siko seli, na mfupa peke yake hautakuambia ni gani. TB ikishika uti wa mgongo inakula pingili za mbele mgongo unakunjika, lakini wachache tu wa wenye TB wanafikia huko. Matege yanaonekana kwa mguu uliopinda. Buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, na ndugu zake zinafanya mfupa wa muundi unenepe mbele. Mtu akivunjika mkono ukaunga unaona gundi ya mfupa, na ukiunga bila kupinda unajiuliza nani aliushika na kuufunga.

Kwa hiyo ya matibabu niongeze kidogo, hasa kwa wasomaji wa Kisii. Duniani kote kuna mafuvu ya zamani yenye tundu lililokatwa makusudi, na swali letu la kwanza ni kingo. Zikiwa kali, mgonjwa alikufa pale pale ama siku chache baadaye. Zikiwa za mviringo na laini, aliishi miezi ama miaka. Wazungu walikuwa wanashangaa inawezekanaje bila hospitali, na wakati huo huo Abagusii walikuwa wana omobari wao anayefungua fuvu la mtu aliyepigwa rungu na kichwa kikakataa kuacha kuuma, anakwangua mfupa polepole, na madaktari wa karne ya 20 walifika wakaona na kuandika. Wagonjwa walipona. Hiyo inanifanya nisiwe mwepesi kusema watu wa zamani hawakujua kitu.

Kansa sasa. Swartkrans, Afrika Kusini, kuna mfupa wa mguu wenye miaka kama milioni 1.7, na 2016 walitangaza una kansa ya mfupa. Haikungoja mafuta ya kupikia. Huku kwetu nyanza kuna taya la Kanam, karibu na Homa Bay, timu ya Louis Leakey ililipata 1932, na lina uvimbe kwenye kidevu ambao wengine wamesema ni kansa na wengine wanasema ni taya lililovunjika likaunga vibaya. Umri wake pia si vile Leakey alikuwa anadai, ni wa juzi zaidi. Kansa nyingi hata hivyo zinashika wazee, na zile za nyama laini, matiti, ini, koo, hazionekani kwa mfupa mpaka zisambae, kwa hivyo hesabu yetu lazima iwe ya chini. Na presha na moyo je? Kuna kundi lilipiga skani maiti 137 zilizokaushwa, za Misri, Peru na kwingine, likatoa ripoti 2013, na karibu theluthi moja wana mishipa iliyoanza kuziba.

Turudi kwa ile shida niliyokuambia mwanzo. Fikiria mtoto wa Ahero, kwa mashamba ya mpunga, anashikwa na malaria kali Jumatatu, Alhamisi ameenda. Mifupa yake iko freshi kabisa. Kando yake kuna nyanya wa miaka 70 ambaye alipata upungufu wa damu akiwa mdogo akapona, alivunjika mkono, mgongo una yabisi, meno yameisha. Mtu akija kuchimba miaka 2000 ijayo ataandika kwamba mtoto alikuwa na afya na nyanya alikuwa mgonjwa. Ukweli ni kinyume, nyanya ndo alikuwa na mwili wa kuvumilia hadi alama zikapata nafasi ya kuingia. Mwaka wa 1992 kuna watafiti waliandika hili vizuri na fani yetu yote ikalazimika kurudi kuangalia ripoti zake za zamani upya. Kipindupindu, nimonia, kuhara kwa watoto, kifo cha uzazi, zote hizo zinapita bila kugusa mfupa, na ndizo zilikuwa zinaua wengi.

Kwa hivyo guka akikuambia aliona wazee wa miaka 90 kijijini hadanganyi, walikuwepo, ni waliobaki. Ile hesabu ya ati watu wa zamani waliishi miaka 30 nayo inapotosha upande wa pili, manake ni wastani unaovutwa chini na watoto waliokufa, ukivuka utoto ulikuwa na nafasi nzuri ya kuona wajukuu. Mahali guka anapata alama kamili ni magonjwa ya msongamano, surua inahitaji watu wengi sana waliokaribiana ndo iendelee kuzunguka, na kwa vikundi vidogo vya wafugaji wanaohama isingekaa. Kisukari cha unene pia sidhani kilikuwa kinawasumbua.

Utauliza mbona nimeongea Nakuru sana na magharibi kidogo. Ni udongo. Nyanda za juu za Kericho na Kakamega kuna mvua na udongo wa tindikali, unakula mfupa unaisha, chai inafurahi sisi tunalia. Mapango makavu yanahifadhi. Kando ya ziwa, kwenye malundo ya makombe waliyotupa wavuvi wa zamani, chokaa ya makombe inaukinga mfupa. Kakapel huko Busia ni bahati, chini ya lile jabali lenye michoro kumepatikana mtu wa karibu miaka 3900, ambaye DNA yake ni ya wawindaji, na kwa udongo wa hapo hapo kukatoka kunde ya miaka 2300.

Na swali lako la choo. Ukikuta mifupa simama kuchimba, usiitoe, mpigie chifu ama polisi kwanza kwa sababu hakuna anayejua kwa macho kama ni ya miaka 3000 ama ni mtu aliyepotea 2009, na hiyo ya pili ni kesi. Wakishasema si kesi yao basi ni ya Makavazi ya Kitaifa, sheria ya 2006 inataka wajulishwe, na kwa mtu wa Njoro rahisi ni kwenda ofisi yao pale Hyrax Hill. Wakati mnangoja funika shimo na karatasi ya plastiki mvua isiingie na mbwa wasifike, piga picha ukiweka kitu cha kuonyesha saizi, kalamu inatosha, na uandike kina ulichofikia. Bakuli ama shanga zikiwa kando ziache vile zimelala, kwa sababu kitu kilikuwa upande gani wa mwili ni nusu ya habari. Na mtu asije na maji na brashi kusafisha meno ati yaonekane vizuri kwa picha, huo ukoga tunauhitaji.